Leseni ya ndoa ya Kiingereza inapokugomea: dalili, chanzo na la kufanya

Ukoo wa Kiingereza haukusumbui sana mpaka ufike tarehe 1 Julai 1837, siku ambayo serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo vya Uingereza na Wales. Ukivuka hapo kurudi nyuma uko mikononi mwa kanisa, na hukawii kukutana na ndoa iliyofungwa "kwa leseni". Maswali yanayofuata ni yale yale. Leseni ipo lakini harusi haionekani. Harusi ipo lakini leseni haionekani. Bwana harusi ana miaka 21 kwenye karatasi na 34 ukihesabu kwa jiwe la kaburi lake. Shahidi anaitwa John Doe.

Nimeyapanga hapa kwa dalili. Kila dalili ina vyanzo vyake, kikianza kile kinachotokea mara nyingi zaidi, na ukaguzi mwepesi unatangulia mzito. Ila kuna kosa moja linalozaa karibu matatizo yote haya: watu wanatafuta kwa kanisa, wakati karatasi hizi zilitunzwa kwa ofisi iliyozitoa. Kabla hujauliza walifungia ndoa wapi, uliza nani aliyewapa ruhusa.

Kwanza ujue umeshika karatasi gani

Kanisa la Anglikana lilikuwa na njia mbili za kufikia altare. Ya kwanza ni tangazo la ndoa, Jumapili tatu mbele ya waumini, jambo ambalo Mkristo wa Dodoma au Machakos hahitaji kuelezwa. Ya pili ni leseni: mnalipa, mmoja wenu anakula kiapo, na tangazo linaachwa.

Leseni yenyewe alipewa bwana harusi, akaipeleka kwa kasisi, na nyingi zikaishia kutupwa. Kilichobaki ofisini ni vitu vitatu. Kuna kiapo, ambacho katalogi za Kiingereza hukiita *allegation*: mtu anaapa kwamba hakuna kizuizi, kwamba si ndugu wa damu, kwamba wana umri au wana idhini ya wazazi. Kuna dhamana, *bond*: ahadi ya kulipa fedha nyingi iwapo kiapo kitathibitika kuwa cha uongo. Na kuna daftari la karani, mstari mmoja kwa kila leseni iliyotoka. Anayesema "nimepata leseni ya babu" karibu kila mara amepata kimojawapo cha hivi vitatu, na kila kimoja kina habari ambayo vingine havina.

Usidhani pia kwamba leseni ilikuwa ya matajiri peke yao. Baharia mwenye siku chache bandarini aliichukua. Mjane asiyetaka jina lake lisomwe kanisani watu wakacheka aliichukua. Binti mjamzito, wasiokuwa Waanglikana walioona karaha kutangazwa katika kanisa lisilo lao, waliotaka kuoana Kwaresima: wote hao utawakuta humu.

Dalili: leseni ipo, ndoa haionekani

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni kwamba unapekua kanisa lisilo lao. Kiapo kinaweza kutaja makanisa mawili au matatu ambamo ndoa ingeweza kufungwa, na aliyetengeneza faharasa akaandika moja, au akaandika tu parokia anayokaa bwana harusi. Fungua picha ya kiapo chenyewe usome majina yote ya makanisa. Kisha anza na parokia ya bibi harusi. Baada ya tarehe 25 Machi 1754, Sheria ya ndoa ya Lord Hardwicke (ile ya 1753) ilipoanza kazi, ndoa ya leseni ya kawaida ilipaswa kufungwa katika parokia ambayo mmoja wao ameishi wiki nne, kwa hiyo orodha ya makanisa ya kupekua ni fupi. Kabla ya hapo makasisi hawakuwa wakali kiasi hicho, na leseni iliyotaja kanisa moja inaweza kuwa imetumika katika jingine.

Chanzo cha pili ni faharasa yenyewe. Jina limesomwa vibaya, au ukurasa umerukwa. Achana na kisanduku cha kutafutia, fungua daftari la ndoa uanze kupekua kwa macho kuanzia tarehe ya leseni kwenda mbele. Wengi walioana siku hiyo hiyo au ndani ya wiki. Sheria ya 1823 iliipa leseni uhai wa miezi mitatu tu, kwa hiyo baada ya mwaka huo ukifika miezi mitatu bila kitu, acha.

Tatu, daftari limepotea au lina pengo. Miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala wa Cromwell, yaani 1642 mpaka 1660, ni mashuhuri kwa hilo. Kwa miaka mingine kuna dawa: tangu 1598 kila parokia ilitakiwa kumpelekea askofu nakala ya daftari lake kila mwaka. Nakala hizo zinatunzwa mbali na madaftari, na mara nyingine zimepona pale daftari lilipoliwa na panya.

La nne, na watu hawapendi kulisikia: hawakuoana. Mmoja alikufa, au waligombana, au baba aligundua. Leseni inathibitisha nia na siku ambayo mtu alisimama mbele ya karani, basi. Ukitaka kujua kama ndoa ilifuata, tafuta ubatizo wa watoto wenye majina ya wazazi hao wawili, halafu tafuta kama yule binti anaonekana baadaye akiolewa na mtu mwingine kwa jina la kwao.

Onyo: usiandike tarehe ya leseni kwenye sehemu ya tarehe ya ndoa. Andika "leseni", kisha tarehe. Miti mingi ya ukoo mtandaoni imejaa harusi ambazo hakuna aliyewahi kuziona, na zinaendelea kunakiliwa.

Dalili: daftari la kanisa linasema "kwa leseni", lakini karatasi za leseni hazionekani

Hii ndiyo inayochosha watu zaidi, na hapa ndipo lile swali la ofisi linapolipa.

Angalia kwanza mwaka na mahali. Kama ni baada ya Julai 1837 na harusi ilikuwa katika kanisa lisilo la Kianglikana au ofisi ya msajili, basi leseni hiyo ilitolewa na msajili wa serikali. Usiitafute kwenye nyaraka za askofu, hutaipata. Cheti cha ndoa ndicho chako, ridhika nacho.

Kama ni Kianglikana, panda ngazi hii. Wachumba wote wawili ni wa dayosisi moja: ofisi ya askofu wa hapo, au ya shemasi mkuu pale ambapo shemasi mkuu alikuwa na mamlaka hayo. Wanatoka dayosisi mbili tofauti za jimbo la kanisa la Canterbury: ofisi ya Vicar-General, yaani naibu wa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mmoja ni wa jimbo la Canterbury na mwingine wa jimbo la York: Faculty Office, ofisi nyingine ya Askofu Mkuu huyo huyo, ambayo mkono wake ulifika popote Uingereza na Wales. Karatasi za ofisi hizi mbili ziko Lambeth Palace Library, London. Za Faculty Office zinaanza 1632, za Vicar-General 1660.

Hiyo ndiyo kanuni. Watu hawakuifuata kila mara. Familia iliyokuwa na uwezo, au iliyotaka kuonekana ina uwezo, ilikwenda London hata kama wachumba walizaliwa mtaa mmoja. Kwa hiyo ukikosa kwa askofu wa hapo, jaribu Lambeth kabla ya kukata tamaa, hata kama kanuni inakuambia hawakuwa na sababu ya kwenda.

Chanzo cha pili ni vile vijisehemu ambavyo Waingereza huviita *peculiars*: parokia zilizo katikati ya dayosisi lakini haziko chini ya askofu wake. Nyingine zilikuwa za mkuu wa kanisa kuu la mbali, nyingine za askofu wa kwingine, chache za mfalme mwenyewe kama Westminster Abbey. Parokia ya aina hiyo ilikuwa na ofisi yake ya leseni na masanduku yake. Nyingi zilifutwa karne ya 19, na nyaraka zake zimehifadhiwa kwa jina la yule aliyezimiliki, si kwa jina la wilaya. Njia ya kuzigundua ni ramani ya parokia za zamani inayoonyesha mamlaka za kanisa kwa rangi. Hifadhi ya nyaraka ya wilaya husika huwa nayo. Dakika kumi na ramani hiyo zinakuokolea jioni nyingi za kutafuta mahali pasipo na kitu.

Kisha kuna manaibu. Askofu hakukaa akingoja wachumba. Aliteua makasisi katika miji ya masoko wakatoa leseni kwa niaba yake, halafu wakatuma karatasi makao makuu. Wengine walituma kwa wakati, wengine kwa mafungu, wengine hawakutuma. Ukikosa kwenye faharasa ya mwaka husika, tazama mwaka unaofuata, maana fungu lililochelewa hupangwa pale lilipofikia.

Na kabla hujailaumu hifadhi, hakikisha unachokitafuta kilikuwepo. Dhamana zilifutwa na ile sheria ya 1823. Mwaka 1830 kutakuwa na kiapo tu. Kati ya 1653 na 1660, sheria ilipomtambua hakimu badala ya kasisi, usitegemee leseni ya askofu. Maaskofu wenyewe hawakuwa madarakani.

Kuhusu mahali pa kubisha hodi: za dayosisi ya York ziko Borthwick Institute katika Chuo Kikuu cha York. Za Durham zinatunzwa na chuo kikuu cha huko huko. Za dayosisi ya Salisbury ziko Chippenham, katika hifadhi ya Wiltshire na Swindon. Za Wales ziko Maktaba ya Taifa ya Wales, Aberystwyth. Za dayosisi ya London ziko katika hifadhi ya jiji ambayo kwa miaka mingi iliitwa London Metropolitan Archives, na tangu 2024 inaitwa The London Archives. Ukikuta jina la zamani kwenye mwongozo, ni pale pale. Kama ukoo wako unageukia Ireland, punguza matumaini: dhamana nyingi za huko ziliteketea Dublin mwaka 1922, na kilichobaki mara nyingi ni faharasa tu.

Dalili: tarehe mbili zisizopatana

Kama tofauti ni ya siku chache, moja ni ya leseni na nyingine ya harusi. Hakuna tatizo hapo. Faharasa kubwa za zamani, ile ya ndoa iitwayo Boyd ikiwemo, zimechanganya ndoa na leseni ndani ya orodha moja, kwa hiyo rudi kwenye chanzo kabla hujachagua.

Kama tofauti ni ya mwaka mzima kasoro siku kadhaa, na tarehe iko kati ya 1 Januari na 24 Machi, na mwaka ni kabla ya 1752, sababu ni kalenda. Mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Kiapo cha 10 Februari 1710 kwa karani yule ni 10 Februari 1711 kwetu. Andika 1710/11 usahau. Mwaka 1752 wenyewe una tundu: baada ya tarehe 2 Septemba ilifuata tarehe 14, siku 11 zikarukwa. Ukikuta leseni ya tarehe 8 Septemba 1752, mtu amekosea kusoma.

Tofauti ya miezi miwili hasa? Tazama kama karani ameandika 7ber. Hiyo ni Septemba kwa hesabu ya zamani iliyoanzia Machi, si mwezi wa saba. 8ber ni Oktoba, 9ber Novemba, Xber Desemba. Waliotengeneza faharasa wamejikwaa hapo mara nyingi.

Dalili: umri haulingani na ubatizo

Umesoma "21 and upwards" (21 na kuendelea) ukahesabu mwaka wa kuzaliwa. Usihesabu. Maneno hayo yana maana moja: mtu amefika umri wa kujiamulia, ambao ulikuwa miaka 21, na Uingereza iliendelea nao mpaka mwisho wa 1969. Mwenye 21 na mwenye 60 waliandikwa sawa. Hata pale ambapo namba inaonekana halisi, kama "30 and upwards", ni makadirio yaliyokatwa kwenye kumi. Umri chini ya 21 ndio wenye uzito, kwa sababu ulikuwa na gharama: ilibidi mzazi ajitokeze.

Hapo kiapo kinageuka hazina. Tafuta jina la aliyetoa idhini na uhusiano wake. Chini ya sheria ya 1753, idhini ilitoka kwa baba. Baba akiwa amekufa, kwa mlezi aliyeteuliwa kisheria. Mlezi asipokuwepo, kwa mama, ila awe hajaolewa tena. Kwa hiyo ukikuta mama ametoa idhini, umejua mambo matatu kwa mstari mmoja: baba amefariki, hakuna mlezi aliyetajwa, na mama bado ni mjane siku hiyo. Sijui karatasi nyingine ya zama hizo inayosema mengi hivyo kwa maneno machache.

Kama mtoto alikuwa chini ya 21 na kiapo kinadai amefika, basi mtu alidanganya, na lilitokea. Ndoa ya leseni ya mtoto bila idhini ilikuwa batili kabisa kuanzia 1754 mpaka 1822, ndiyo maana waliotoroka mara nyingi waliikwepa leseni, wakaenda kutangazwa katika parokia kubwa ya mji ambako hakuna anayewajua.

Dalili: majina na mahali vinapingana

Mfano bora wa dalili hii ni ndoa ya William Shakespeare, mwandishi wa tamthilia; unajulikana dunia nzima, na unafaa kusomwa polepole kwa sababu una karibu kila ugonjwa tuliougusa.

Tarehe 27 Novemba 1582, karani wa askofu wa Worcester aliandika katika daftari lake kwamba leseni imetoka kwa ajili ya Wm Shaxpere na Anna Whateley wa Temple Grafton. Kesho yake, tarehe 28, wakulima wawili wa Stratford, Fulk Sandells na John Richardson, walijifunga kwa dhamana ya pauni 40 kwamba hakuna kizuizi kwa ndoa ya William Shagspere na Anne Hathwey wa Stratford, baada ya tangazo moja tu badala ya matatu. Daftari la kanisa lenye harusi yao halijapatikana mpaka leo. Mtoto wao Susanna alibatizwa tarehe 26 Mei 1583.

Kuna waliojenga hadithi nzima ya mapenzi: William alitaka kumwoa Anna Whateley, jamaa wa Anne mwenye mimba wakamkamata. Hadithi tamu. Lakini siku hiyo hiyo meza ya karani ilikuwa na kesi ya zaka iliyomhusu kasisi mmoja aitwaye William Whateley. Jina lilikuwa kichwani mwake au mbele ya macho yake, likaingia pasipo pake. Watafiti wengi wanaridhika na hilo, nami naridhika nalo. Na Temple Grafton? Inaweza kuwa mahali bibi harusi alipokuwa akiishi wakati huo, au mahali ndoa ilipokusudiwa kufungwa.

Chukua utaratibu kutoka kwa kesi hii. Daftari la karani na dhamana vikipingana, iamini dhamana kwanza: ilisomwa na watu waliotia sahihi au alama zao na walioweza kulipishwa. Daftari liliandikwa na mtu mmoja mwenye kazi nyingi. Kisha puuza tahajia kabisa. Shaxpere, Shagspere: mtu huyo huyo, ofisi hiyo hiyo, siku mbili. Ukitafuta kwenye kompyuta, tafuta kwa sauti ya jina, weka kinyota pale panapobadilika, au tafuta kwa jina la mchumba wa pili ambalo huenda ni gumu kuharibika.

Kuhusu mahali: maneno "wa parokia ya fulani" kati ya 1754 na 1823 yanaweza kumaanisha wiki nne tu za kulala pale, na baada ya 1823 siku 15. Usiende kutafuta ubatizo wa mtu mahali alipopanga chumba ili aoe.

Dalili: wadhamini wasioeleweka, na fedha nyingi mno

John Doe na Richard Roe si jamaa zako. Ni majina ya kubuni yaliyotumiwa na wanasheria wa Kiingereza, na makarani waliyajaza pale fomu ilipodai mdhamini wa pili wakati hayupo. Usimtafutie John Doe ubatizo.

Mdhamini wa kweli, kwa upande mwingine, mtazame mara mbili. Mara nyingi mmoja ni bwana harusi mwenyewe. Wa pili akiwa na jina la ukoo la bibi harusi, huenda ni baba au kaka. Akiwa mtu usiyemjua kabisa, angalia kama anajirudia kwenye dhamana nyingine za wiki ile. Akijirudia ni mtu wa karibu na ofisi, pengine mwenye nyumba ya wageni ya jirani, na hakuambii lolote kuhusu ukoo.

Pauni 100 au 200 zilizotajwa hazikulipwa. Zingelipwa kama kiapo kingebainika kuwa cha uongo. Usimpe babu yako utajiri kwa sababu ya namba hiyo.

Dalili: karatasi iko mbele yako na husomi kitu

Kabla ya 1733 dhamana kwa kawaida ina sehemu mbili. Ya juu ni Kilatini, inaanza *Noverint universi*, na ni ileile kwenye kila karatasi: majina ya wadhamini, kazi zao, makazi yao, na kiasi cha fedha. Ya chini ni Kiingereza, inaanza *The condition of this obligation*. Ruka moja kwa moja hapo, ndipo walipo wachumba. Mwishoni kabisa kuna sahihi na mihuri ya nta. Kama mtu ameweka alama badala ya sahihi, karani ameandika jina lake pembeni, tena kwa mwandiko ulionyooka kuliko wa maandishi ya katikati, na mara nyingine hilo ndilo jina pekee utakalolisoma vizuri.

Wm ni William, Jno ni John, Jas ni James, Xpofer ni Christopher. Kwenye Kilatini, Jacobus kwa kawaida ni James. Mwenye faharasa asiyejua akaandika Jacob, na babu yako akapotea hapo. Herufi s ndefu inafanana na f. Ukikwama kwenye herufi moja, itafute mahali pengine katika ukurasa ule ule ndani ya neno unalolijua, kama jina la mwezi au neno *parish*.

Kagua pia sahihi. Tangu 1754 daftari la ndoa lina fomu iliyochapwa yenye sahihi za wachumba na mashahidi. Weka sahihi ya kwenye kiapo kando ya sahihi ya kwenye daftari. Pale ambapo kuna akina John Smith wawili mji mmoja, ukaguzi huu unatenganisha kuliko faharasa yoyote.

Pa kusimama: mwandiko wa karne ya 16 na mwanzo wa 17 una herufi ambazo jicho lisilozoea haliwezi kuzitambua kwa kubahatisha. Ukijikuta unakisia kila neno la tatu, mpe mtaalamu wa kusoma hati za kale. Hifadhi nyingi zina huduma hiyo kwa malipo, na ukurasa mmoja wa dhamana ni kazi ndogo kwake. Kama una karatasi halisi mikononi, iliyotoka kwenye sanduku la familia, na imekunjamana au imeshikana, usiifungue kwa mvuke wala kuibandika kwa selotepu. Iache kama ilivyo mpaka aione mhifadhi.

Dalili: hakuna leseni, hakuna tangazo, na bado walikuwa mume na mke

Kabla ya 1754 fikiria gereza la Fleet, London, na mitaa iliyolizunguka, ambako makasisi wenye madeni walifungisha ndoa bila kuuliza sana. Madaftari yao yako The National Archives, Kew, katika mfululizo wa RG 7, na yana tarehe za kughushi; kamwe usiyategemee peke yake. Baada ya 1754 fikiria Scotland, hasa Gretna Green, kijiji cha mpakani, kwa kuwa sheria ya Hardwicke haikuvuka mpaka. Mbio hizo zilipunguzwa na sheria ya 1856 iliyodai mmoja wao awe amekaa Scotland siku 21. Waquaker na Wayahudi walisamehewa na sheria ya Hardwicke, wakatunza kumbukumbu zao wenyewe. Wakatoliki hawakusamehewa: wengi walifunga ndoa mbili, moja ya siri kwa padre wao na moja ya Kianglikana ili sheria iwatambue, kwa hiyo tafuta zote mbili.

Unapoandikia hifadhi, na unapohitaji mwanasheria

Anayetafuta akiwa Mombasa, Muscat au Toronto halazimiki kupanda ndege. Anza na tovuti ya FamilySearch, ni bure, kisha tovuti za kulipia. Picha isipokuwepo mtandaoni, waandikie hifadhi ukitaja majina yote mawili kwa tahajia zote ulizoziona, miaka ya kuanzia na kuishia, ofisi unayodhani ilitoa leseni, na kama unataka kiapo, dhamana au vyote. Barua inayosema "nitafutieni babu yangu" itajibiwa kwa orodha ya bei.

Kama unafanya haya kwa sababu ya uraia, mirathi au kiwanja, nakala ya kiapo cha leseni haitoshi na haitakaa itoshe. Ofisi za serikali zinataka cheti cha ndoa kilichotolewa na General Register Office au msajili wa wilaya kwa ndoa za kuanzia Julai 1837, na kwa za nyuma zaidi, nakala iliyothibitishwa ya daftari la kanisa. Mpelekee wakili wa mambo hayo kabla hujalipa ada ya maombi. Na akikupigia mtu usiyemjua akisema amegundua urithi wa ukoo wenu Uingereza, anahitaji tu ada kidogo ya kufungulia faili, mwombe jina la ofisi iliyotoa leseni na namba ya hati. Kisha waulize hifadhi wenyewe kama namba hiyo ipo.